Keki Leni ya Kulia

Vanila kwangu mie hunuka honi. Watu wengine wakiisikia harufu ile hukumbuka siku ya kuzaliwa, mishumaa na picha za ukutani. Mie shingo hujikunja yenyewe, kichwa kikatafuta pa kujificha, na masikio yakaanza kungojea tusi kutoka nyuma. Nilikuwa na miaka kumi, tukikaa Mbagala, na masika yote ya mwaka ule niliyamaliza nimeketi kiti cha mbele cha Corolla kuukuu ya rangi ya bluu iliyopauka, keki ya harusi imetulia mapajani mwangu, mama yangu kashika usukani kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba beseni la maji ya moto, na nusu ya wilaya ya Temeke iko nyuma yetu ikituuliza kama tumelala. Hatukuwa tumelala. Tulikuwa leni ya kulia, tukitembea thelathini kwa saa, na mama hakuwa na nia ya kumpisha mtu.

Barabara ya Kilwa ilikuwa imepanuliwa siku za karibuni, leni mbili kwenda na mbili kurudi, na sie wakazi tulikuwa bado hatujakubaliana zile leni ni za nini. Serikali ilichora mistari myeupe ikatuachia kazi ya kufasiri. Madereva wenye haraka walisema kulia ni ya kuovateki. Wenye daladala walisema leni zote ni zao. Mama yangu alikuwa na tafsiri yake, na aliishikilia kama aya ya Biblia: kushoto ni kwa wanaoshuka karibu, kulia ni kwa wanaokwenda mbali. "Sie tunakwenda mpaka Chang'ombe," alikuwa akisema. "Kwa hiyo tunakaa kulia. Mwendo ni wangu, safari ni yangu." Ukimwambia kwamba mwendo wake ndio unaowazuia wengine wote wasifike huko mbali, alikujibu kwamba mwenda pole hajikwai, na mazungumzo yaliishia hapo.

Sababu ya kweli ilikuwa mapajani mwangu. Leni ya kushoto ilikuwa imeanza kuumia kabla hata rangi ya mistari haijapauka. Malori ya makontena yalikuwa yamekandamiza lami mpaka ikafanya mifereji miwili mirefu, na katikati yake kumevimba tuta, kama kanga iliyokunjwa ikiwa mbichi. Mvua ikinyesha, mifereji ile ilijaa maji, na huwezi kujua wapi ni kidimbwi na wapi ni shimo. Halafu daladala zinasimama ghafla, bajaji inachomoka ubavuni, mkokoteni wa matikiti unakatiza bila kumtazama mtu. Keki haiwezi maisha hayo. Mama aliichoma nyumbani, kwenye jiko la mkaa, ndani ya sufuria kubwa lenye mchanga chini na makaa ya moto juu ya mfuniko, na alijua kwa pua tu wakati wa kuifunua. Akishaipaka krimu, akiwa amepanga maua ya sukari aliyoyafinyanga kwa vidole siku tatu nzima, usingeweza kumwambia aipitishe juu ya tuta ili eti fulani awahi mpira. Alikaa kulia kwa sababu lami ya kulia ilikuwa nzima. Lakini hilo hakumwambia mtu barabarani. Alisema anakwenda mbali.

Gari lenyewe lilikuwa la baba. Baba alikuwa karani mgodini, huko Kanda ya Ziwa, akija nyumbani mara mbili kwa mwaka, na alipoondoka aliacha funguo kwenye msumari nyuma ya mlango. Mama akajifunza udereva kimyakimya, akapata leseni, akazitoa funguo kwenye msumari. Mdogo wake baba, Baba Mdogo Zakayo, aliyekuwa dereva wa kukodishwa na mwenye mabega yaliyozoea kusifiwa, alizipigia hesabu funguo zile tangu siku ya kwanza. Gari la kaka yake kubeba unga na mayai, alisema, ni dharau kwa gari. Kukatokea ubishi wa wiki nzima, mpaka siku moja baba akapiga simu, mama akaiweka sauti kubwa sebuleni, na sote tukasikia hukumu.

"Mama Anjela aendelee," baba akasema. "Lakini keki moja tu ikiharibika njiani, au ikichelewa ukumbini, funguo apewe Zakayo. Sitaki kesi tena."

"Nimekubali," mama akasema.

"Mie nilishakubali zamani," Baba Mdogo akasema, akanyoosha kiganja kama mtu anayepima mvua. Tangu siku hiyo, kila alipokuja kwetu alimnyooshea mama kiganja kile hata kabla sijamaliza kumwamkia shikamoo. Ulikuwa mzaha, lakini mzaha wenye kucha. Bila gari, mama angerudi kuwa fundi wa keki za watoto wa mtaa wetu tu, keki za kubebwa kwa mguu. Harusi za Chang'ombe na Kurasini zingekwenda kwa mwingine. Nilikuwa mdogo, lakini hilo nililielewa, kwa sababu usiku ule mama alizitundika funguo shingoni kwa uzi, akalala nazo.

Msiniulize kama nilimuunga mkono. Nilimuonea aibu kupita kiasi. Mie ni mtoto niliyependa kukaa ndani, nikitumwa dukani nazunguka nyumba mara mbili nikitumaini atatumwa mwingine, na sasa nilikuwa kila Jumamosi naonyeshwa mbele za watu kama bidhaa. Makonda walining'inia milangoni wakapiga kelele: "Mama, hilo gari au kabati?" Dereva wa lori la saruji alijipa kazi ya kutupita kwa kushoto, akashusha kioo, akatuuliza kwa upole kabisa kama tunasindikiza maiti. Mama alitazama mbele. "Na awahi," alisema. "Huko anakokimbilia atakuta foleni." Mie nilikuwa nimeshajikunja chini ya dashibodi, nimebakiza mikono juu ya kushikilia keki. Bahati mbaya, mikono nayo ina sura. Msichana wa darasani kwetu alikuwa ndani ya basi moja, akaitambua saa yangu ya plastiki ya rangi ya waridi, na Jumatatu shule nzima ikawa na jina jipya la kuniita: Mtoto wa Kobe. Nilivua saa. Jina halikuvulika nayo.

Basi ikaja Jumamosi ya keki ya ngazi tatu. Maharusi walikuwa watu wa huku huku Mbagala, ukumbi ulikuwa Chang'ombe, na aliyekodiwa kuendesha gari la maharusi alikuwa nani kama si Baba Mdogo Zakayo. Alipita kwetu asubuhi kaoga, kavaa suti, kiatu kinamulika.

"Shemeji, leo ndiyo leo," akamwambia mama. "Bibi harusi nampeleka mie. Nikiingia ukumbini nisikute keki, nakuja na mkono wazi."

"Njoo nao," mama akasema. "Mkono mtupu haulambwi."

Akacheka, akaondoka. Lakini mama hakuwa akicheka. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, hewa imelowa, na krimu iligoma kukauka. Alizunguka ile keki na kipepeo cha jikoni kama anayempepea mgonjwa. Saa nane, bado. Saa tisa, bado inashika kidole. Tuliondoka saa kumi kasoro, ngazi ya chini imelazwa kiti cha nyuma imekingwa kwa mito, ya kati iko sakafuni ndani ya beseni, ya juu, yenye maua, mapajani mwangu ndani ya boksi. Mama alisali, akaingiza gia, akaenda zake kulia. Siku hiyo alifika arobaini. Nilitazama mshale ukivuka thelathini nikadhani gari limeharibika.

Tulikuwa tumeanza kuuteremka mlima wa Mtoni tulipokuta barabara imezibwa. Mbele yetu, leni ya kulia, kulikuwa na msururu wa magari yenye riboni, taa za pembeni zinawaka na kuzimika, yakienda mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni mpaka kona. Kushoto, sambamba nayo, kirikuu, kile kipikapu kidogo, iliyobeba matarumbeta, wapigaji wamekaa nyuma wametazama kulikotoka msafara, mashavu yamevimba. Mpiga video alikuwa amekaa juu ya dirisha la gari la mbele kabisa, miguu ndani, kiwiliwili nje, akiwaashiria wasiende mbio. Msafara wa harusi, katikati ya barabara kuu, leni zote mbili. Harusi yenyewe tuliyoibebea keki.

Mama yangu hakuwahi kupiga honi. Alisema honi ni tusi la mtu asiye na maneno. Siku ile alisubiri kidogo, akatazama saa, akamtazama bibi mmoja wa msafara akipunga kitambaa dirishani, kisha akabonyeza. Honi ya Corolla ilikuwa na sauti ya mbuzi mwenye mafua. Ikalia mara moja.

Msafara wote ukaitikia. Pii, pii, pi-pi-pii! Gari la mbele yetu likaitikia, la mbele yake likaitikia, mama mmoja akatoa kichwa dirishani, akapiga vigelegele vya kukata kamba, akatupungia: "Karibuniii! Washeni na taa!"

Mama akabonyeza tena, kwa hasira, muda mrefu. Wakafurahi zaidi. Tarumbeta moja likageuka likatupigia sie peke yetu.

"Wanadhani tunafurahi," mama akasema.

Nikacheka. Nisamehewe, lakini nilicheka mpaka boksi likatikisika. Mama akanikazia macho, kisha akayarudisha barabarani, na maneno yaliyomtoka sitayasahau maisha yangu. "Hawa watu hawana adabu kabisa," akasema. "Barabara haikaliwi hivi! Kulia ni kwa wenye haraka!" Nilimtazama mama. Mama akatazama mbele. Nyani haoni kundule, na siku ile nyani alikuwa ndani ya gari letu, amefunga mkanda.

Mvua ikaanza tena, nyembamba, na vioo vikafunga ukungu. Nikafunua boksi kidogo. Krimu ilikuwa inatoa jasho, na ua la juu kabisa, waridi kubwa lililomchukua mama usiku mzima, limeanza kuinamisha kichwa. "Mama," nikasema, "waridi linasinzia." Aligusa uzi shingoni mwake, pale zilipozoea kuning'inia funguo, kana kwamba zimeshachukuliwa. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya msimu mzima: akawasha indiketa ya kushoto.

"Shika keki," akasema. "Tunaingia kwa wanaoshuka karibu."

Tairi ziliingia kwenye mfereji, tukapanda tuta, tukashuka, maji yakaruka mpaka juu ya boneti. Kidole gumba changu cha kulia kikazama kwenye krimu mpaka kwenye kiungo. Nikakichomoa, nikafunika boksi. Tulipita gari moja la riboni, la pili, la tatu, mpaka tukafika nyuma ya kirikuu, na upande wa dirisha la mama kukawa na gari la maharusi lenyewe, na ndani yake Baba Mdogo Zakayo, kidevu juu, anaendesha ishirini. Mama akashusha kioo.

"Shemeji! Sogea mbele tupite! Unazuia watu!"

Baba Mdogo akatugeukia, akatuona, na uso wake wote ukawa meno. "Bibi harusi hakimbizwi, shemeji!"

"Na mie nimebeba keki yake!"

"Si ulitufundisha mwenyewe, kulia ni kwa wanaokwenda mbali? Sie leo tunakwenda mbali sana!" Akaachia usukani mkono mmoja, akaunyoosha kuelekea kwetu, kiganja juu.

Sijui ni nini kilinipata. Mie yule, wa kujikunja chini ya dashibodi, wa kuvua saa. Labda ni kile kiganja. Labda ni kumwona mama akipandisha kioo polepole, mtu aliyepitisha masika mazima bila kujibu tusi hata moja, na sasa amejibiwa kwa maneno yake mwenyewe. Nilishusha kioo cha upande wangu, nikapiga magoti juu ya kiti, nikalifunua boksi, nikaliinua mpaka kwenye dirisha ili wapiga matarumbeta walione.

"Keki yenu hii!" nikapiga kelele. "Keki ya harusi yenu hii! Mnataka mkakate nini huko? Tupisheniii!"

Mpiga tarumbeta la mbele akaitazama ile keki, maua, jasho, na kitoto cha Mbagala chenye kidole cheupe. Akashusha tarumbeta. Akampiga mwenzake kiwiko. Matarumbeta yakakoma moja moja, ngoma yao ikafuata, na ghafla barabara nzima ikawa kimya, na hakuna kitu kinachoutisha msafara wa harusi kama kimya. Vichwa vikatoka madirishani. "Kuna nini? Kuna nini huko mbele?" Na jibu likapita kutoka gari hadi gari: "Keki! Keki iko nyuma! Wapisheni keki!" Kirikuu ikajibana pembeni mpaka tairi zikapanda udongo. Mama akakanyaga mafuta, akaipita, akawasha indiketa, akaingia kulia, mbele kabisa ya gari la maharusi. Kisha, mama yangu akiwa mama yangu, akarudi thelathini.

Matarumbeta yakaanza upya, nyuma yetu safari hii. Baba Mdogo akapiga honi, na nawaapia ile haikuwa ya furaha. Lakini kila alipopiga, msafara mzima ulimwitikia kwa shangwe. Alipiga, wakaitikia. Alipiga, vigelegele. Mwishowe akaacha. Mie nilikuwa nimekaa wima, boksi mapajani, kichwa juu ya dashibodi. Watu wa vituoni walitupungia. Nikawapungia kwa mkono wenye krimu.

Mbele ya geti la ukumbi msafara ulisimama wacheze kwanza, kama ilivyo desturi, na kucheza kule ndiko kulikotuokoa. Baba Mdogo alipoingia na maharusi, ngazi tatu zilikuwa zimeshasimama juu ya meza, na mama alikuwa anaweka ua la mwisho, si juu, bali ubavuni, mahali ambapo fundi mwenye akili zake asingeweka ua.

"Hilo mbona liko pembeni?" Baba Mdogo akauliza.

"Ndiyo fasheni," mama akasema.

Baba Mdogo akasimama pale, na mkono wake kwa mazoea ukawa umeshanyooka. Mama akautazama. Akaingiza mkono kwenye kopo la vipande vilivyobaki alipoisawazisha keki, akachukua kimoja, akakiweka katikati ya kiganja. "Kula, shemeji. Mwendo wa ishirini unachosha." Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: alikula, na akasema keki ni nzuri. Habari za funguo hakuzileta tena. Katika picha za harusi ile, kama wahusika bado wanazo, kuna waridi moja ubavuni halina maelezo. Chini yake kuna kidole changu.

Jina la Mtoto wa Kobe halikufa Jumatatu iliyofuata, wala iliyoifuata hiyo. Lilikufa lenyewe, kwa uzee, niliporudisha saa yangu mkononi na kuanza kuitikia nikiitwa.

Siku hizi nakaa Kibamba, na bado ni mtu wa ndani. Nikifika getini kupokea maji ya chupa najiona nimesafiri. Elimu yangu iliishia kidato cha nne, safari zangu nyingi huishia kibarazani. Lakini Jumapili namwendesha mama kanisani, yeye kaketi kiti nilichokuwa nakaa mie, na Barabara ya Morogoro nayo imepanuliwa, leni nyingi mpaka mtu anachanganyikiwa achague ipi, lami nzima kushoto na kulia. Hakuna mifereji. Hakuna kisingizio. Na bado, kila Jumapili, leni ya mwisho kulia namkuta mmoja, peke yake, barabara imemfungukia mbele kama uwanja, anatambaa arobaini, na nyuma yake tumejipanga kama watu wa msibani. Wanaosema mtoto wa nyoka ni nyoka wataniambia nikae kimya, maana mie nililelewa ndani ya kosa hilo. Sikai kimya. Mie ndiye ninayejua bei yake. Nilijua kulikuwa na nini ndani ya gari letu.

Jumapili iliyopita nilimpigia mmoja taa, nikampigia honi, hakuna. "Mwache," mama akasema. "Hujui amebeba nini." Nikamwacha. Tukatambaa naye mpaka kwenye mataa, taa ikawa nyekundu, nikajisogeza leni ya pembeni, tukasimama sambamba. Mama akajiinua, akapita mbele yangu mpaka dirisha la upande wangu, akatazama ndani ya gari lile kwa makini, kiti cha mbele, kiti cha nyuma, mpaka sakafuni. Kulikuwa na mwanamume mmoja mnene, simu kaiegemeza kwenye usukani, anaangalia video. Mama akashusha kioo.

"Baba, shikamoo yako nitaipokea baadaye," akasema. "Umebeba keki?"

"Keki?" mwanamume akashtuka. "Hapana, mama. Keki ya nini?"

"Basi hamia kushoto!"